Mkono Uliozima Redio

Kijana wa kampuni ya mazishi alikuwa na adabu zote za kazi yake. Alituletea maji, akasogeza kiti cha Mama karibu na kipasha joto, kisha akaniuliza kwa Kifaransa cha polepole kaka yangu alipenda muziki gani, ili upigwe jeneza likiingia na likitoka. Nikamwambia hakupenda muziki. Aliinua kalamu akangoja, labda ningekumbuka. Nikarudia: hakupenda muziki wowote, andika hakuna. Mama alinishika mkono chini ya meza akaubana mpaka pete yake ikaniumiza.

Nilisema kweli na nilisema uongo. Fiston aliyekufa, mwenye kitambi na mvi za ndevu, dereva wa gari la mikate aliyebanwa na moyo kule mtaa wa Forest, akaegesha gari vizuri kabisa kabla ya kukata roho, huyo hakuwa na redio nyumbani kwake. Hata kwenye gari la kazi alibandika plasta juu ya kitufe cha redio. Kwenye harusi za watu alisimama nje na wavuta sigara, na sigara yenyewe hakuvuta. Lakini Fiston wa utoto wangu alikuwa mgonjwa wa muziki, sina neno jingine. Wenzangu wa rika hili, mliokulia nyumba za kaseti, mtanielewa, maana kila ukoo ulikuwa na mgonjwa wake mmoja.

Tulikaa mtaa wa Laeken, ghorofa ya tatu, kwenye ngazi zilizonuka supu ya jirani na makoti yaliyolowa. Papa alifanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha magari. Mama alisafisha ofisi alfajiri, akirudi anakuta tumeshakunywa chai. Fiston alikuwa kijana wa sekondari, miguu mirefu, suruali inayoburura sakafuni kama ya wale vijana wa hip-hop aliowaona kwenye televisheni. Mimi, Faida, nilikuwa mdogo kiasi cha kuamini kila nilichokiona na nusu ya nilichoambiwa.

Redio ilikuwa kubwa, nyeusi, yenye milango miwili ya kaseti na spika zenye wavu wa chuma. Papa aliinunua kwenye soko la vitu vilivyotumika, na muuzaji hakumpa waya wa kuiunganisha na televisheni. Kwa hiyo Fiston alirekodi kwa njia ya hewa. Aliisogeza redio mbele ya televisheni, akakaa chini ubavuni mwake, mdomo karibu na kile kitundu kinachonasa sauti, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kuinua mkono juu. Mkono ukiwa juu, hakuna ruhusa ya kukohoa. Mama alitoa samaki kwenye mafuta. Mimi nilikaa nimebana pumzi, na wimbo ukiwa mrefu nilikuwa natokwa machozi.

Kaseti zake alizitia rangi. Nyekundu ni soul, kijani ni hip-hop, bluu ni ile ya mashine, ya elektroniki, ambayo hapa Ubelgiji wakati ule ilikuwa inatoka hata kwenye madirisha ya magari yaliyosimama kwenye taa. Alinifundisha kuweka kiganja kwenye spika ili besi iingie mkononi kabla haijafika sikioni. Nikiuliza wanaimba nini, alinijibu hajui na haina haja. Mama alizitazama zile rangi akamwuliza: "Nyekundu, kijani, bluu. Na ya masomo iko rangi gani, Fiston?"

Papa ndiye aliyekuwa na maneno zaidi. Jioni moja alirudi kutoka kwenye zamu akakuta kaseti ya bluu inapiga, dum dum dum, vyuma tupu. Akasimama mlangoni na mfuko wake. "Bon. Miye natoka kiwandani sasa hivi, munaniletea kiwanda ku nyumba?" Tulicheka. Lakini alipokaa kula nilimwona mguu wake chini ya meza. Ulikuwa unapiga dum dum vilevile.

Kaseti ninayotaka kuisimulia ni nyekundu. Fiston alikuwa anarekodi wimbo wa soul wa mwanamke mmoja, wa taratibu, anayelia kuliko kuimba. Mama alikuwa ameshauliza yule dada ni wa kanisa gani. Mkono wa Fiston uko juu, sote kimya, wimbo umefika katikati, na Papa akafungua mlango. "Bonsoir bote! Kuko baridi humu! Nani alifungua dirisha?" Fiston, bila kushusha mkono, akapiga kelele: "Chut! Papa! Niko naenregistrer! Munyamaze!" Na Papa kutoka mlangoni, kwa sauti ya mtu anayeinama: "Ah, pardon, monsieur le directeur." Kisha unasikika mlango ukifungwa polepole sana, na yule dada anaendelea kulia. Fiston alinuna siku mbili kwa sababu wimbo umeharibika. Hakuufuta tu kwa sababu televisheni haikuurudia.

Sasa niwaambie nilichokiona Jette, mtaa wa jirani, maana bila hicho hamtaelewa akili yangu ya wakati ule. Jumapili moja tulikuwa kwa Maman Cécile, kiongozi wa kikundi cha maombi cha akina mama. Redio inapiga, sisi watoto tunarukaruka, watu wanakula. Wakaingia wanaume wawili na makoti yao. Mmoja akamwambia mtoto mkubwa wa Maman Cécile azime redio. Akazima. Ndipo wakamwambia Maman Cécile akae chini, wakasema maneno mawili matatu, naye akapiga ukelele ambao sikujua mtu mzima anao. Mdogo wake alikuwa amefariki Goma.

Njiani Mama alinieleza desturi ya kwetu. Msiba ukiingia, redio inazimwa. Mgeni haizimi, anazima mtoto mkubwa wa nyumba. Inakaa kimya hadi siku ya kuanua matanga, na siku hiyo mkono uliozima ndio unaowasha. Niliyasikia yote hayo nikayapanga kwa jinsi macho yangu yalivyoona. Kwanza redio ilizimwa. Baadaye yule mtu akafa. Nilifika nyumbani nikijua kabisa kilichomuua.

Papa alisafiri kwenda Bukavu kumwona mama yake, aliyekuwa mgonjwa. Alichukua likizo yake yote. Mlangoni alimshika Fiston kisogo: "Weye njo utachunga nyumba. Na unienregistrer ile makelele ya kiwanda, nikirudi nitaisikiliza." Fiston alifurahi sana. Alianza siku ileile kuchagua nyimbo za kaseti ya bluu ya Papa, na hakuna kaseti aliyoihangaikia kama ile.

Kisha vita ikafika Bukavu. Papa alipiga simu mara moja, sauti inakatika, akasema yuko salama, mama yake yuko salama, wanaangalia njia. Baada ya hapo namba ililia tu bila mtu, na baadaye haikulia kabisa. Televisheni ile ya nyimbo za Fiston sasa ilionyesha watu wakitembea, mistari mirefu ya watu na magodoro kichwani. Mama alipiga magoti mbele yake, pua karibu iguse kioo, akitafuta shati la mistari la Papa. Wale watu walikuwa wanapita haraka mno. Mara mtangazaji alianza kuzungumzia mpira, na Mama akabaki palepale amepiga magoti.

Akina mama wa maombi walikuja. Walivaa vile wanavyovaa kwenda kulia, vitambaa vya giza, na Maman Cécile alianza kusogeza meza ukutani kama watu wanaotayarisha pa kukaa chini. Fiston alikuwa chumbani, kaseti ya kijani inapiga. Maman Cécile akaita: "We Fiston! Papa yako hajulikane fasi aliko, na weye uko napiga muziki? Zima ile kintu!"

Mama alirudisha meza mahali pake. Sijawahi kumwona akimjibu Maman Cécile kabla ya siku hiyo. "Hakuna muntu atazima radio mu hii nyumba. Nani aliona maiti ya bwana yangu? Weye uliona? Kama munazima, munanizikia muntu muzima." Akageukia mlango wa chumba. "Fiston! Leta ile radio hapa salon. Uongeze sauti."

Mimi nilimwelewa vizuri kuliko alivyojua. Nilijisemea, kumbe Mama naye anajua siri ya redio. Tangu siku ile nikawa mlinzi. Nikitoka shule nilipanda ngazi nikisikiliza, na nikisikia besi nikiwa bado ghorofa ya pili nilikuwa najua kwamba Papa yuko hai leo pia. Kaseti ikifika mwisho, kitufe kikajifyatua, nilikimbia kuigeuza. Niliogopa kimya cha kati ya wimbo na wimbo. Fiston alianza kuunganisha nyimbo bila nafasi, mwisho wa mmoja ndani ya mwanzo wa mwingine, kama madijei, na nilidhani anafanya hivyo kwa ajili ya Papa. Labda kweli.

Mwanzoni, Mungu anisamehe kwa kusema hivi, Fiston alikuwa na furaha. Hakuna aliyemwambia apunguze. Alirekodi, alipanga, alinionyesha ngoma ya wimbo wa kale wa soul jinsi wana hip-hop walivyoikata na kuiweka chini ya maneno yao, na jinsi watu wa mashine walivyoichukua hiyohiyo wakaikimbiza. Alisema yote ni ukoo mmoja. Nilikuwa sina mtu mwingine wa kucheka naye, na nilicheka naye.

Ilibadilika siku Mama aliyosema: "Weka ile ya papa yako." Ile nyekundu. Alikuwa amekaa na kapu la nguo za kukunja. Papa akaingia, bonsoir bote, kuko baridi humu. Mama alifunga macho. Ilipopita akasema: "Rudisha." Fiston akarudisha. "Rudisha tena." Akarudisha tena. Kesho yake hivyohivyo, na kesho kutwa, mpaka zile kaseti nyingine zikawa zinakaa kwenye boksi lao la viatu na vumbi juu. Kuna wakati Mama alikasirika na ile kaseti yenyewe. "Ona vile unakata papa yako maneno! Chut, chut! Kama haungepiga kelele, angesema mengine." Fiston aliinamisha kichwa akabonyeza kitufe cha kurudisha.

Yeye alikuwa anajua kitu ambacho sisi hatukukijua. Utepe wa kaseti unachakaa, kila ukipita unaacha kidogo cha sauti mle ndani. Alisafisha kile kichwa cha chuma kinachosoma utepe kwa pamba na spiriti. Alirudisha utepe kwa mkono, kwa kalamu ya Bic, kuupumzisha na mashine. Akatumia ile milango miwili kutengeneza nakala, akamletea Mama. Mama alisikiliza mara moja tu. "Hapana. Huyu ako mbali. Leta ile yenyewe."

Mimi nilisikiliza ile yenyewe na nikasikia kwamba hata humo anakwenda mbali. Wiki baada ya wiki neno "dirisha" lilikuwa linafifia, na lile "pardon" likawa pumzi tu. Kwa hesabu yangu ya kitoto Papa alikuwa anatembea na wale watu wa kwenye televisheni, kila siku hatua kadhaa zaidi ndani ya msitu, anageuka kutuita na hatusikii. Niliweka mdomo kwenye wavu wa spika, Mama akiwa jikoni, nikamwambia arudi upande huu. Spika ilinuka vumbi la moto na plastiki.

Siku moja Fiston alisema polepole: "Maman, tuweke ingine. Hii itaisha."

"Ingine haina bwana yangu ndani."

"Itaisha, Maman. Siku moja hautasikia kitu."

"Njo unataka iishe? Umechoka na papa yako?"

Fiston alirudisha utepe. Lakini niliona mikono yake. Ile mikono iliyokuwa inashika kaseti kwa ncha za vidole, sasa iliitia kwenye mlango kama mtu anayefunga friji. Yule dada wa soul alipoanza kulia, Fiston aliangalia ukuta. Alikuwa amechukia wimbo alioupenda kuliko nyimbo zote. Hakuwa na ruhusa ya kuuzima na hakuna aliyemwuliza kama anaweza. Alikuwa mtoto, jamani. Nikiwaona wanangu leo wana umri ule, nataka kurudi kule sebuleni nimtoe nje akanunuliwe viazi vya kukaanga.

Baridi ikaisha, miti ya barabarani ikaanza kutoa majani. Jumapili moja baada ya kanisa kengele ililia. Aliingia Maman Cécile, na nyuma yake mwanamume mwembamba, koti la kuazimwa linamning'inia. Sikumtambua mpaka Mama alipomwita Tonton Déo. Alikuwa rafiki wa Papa wa shule, wa Bukavu, na kwenye picha ya miezi michache kabla alikuwa mnene. Alikuwa amepitia Nairobi. Aliketi pembeni ya kiti, mikono katikati ya magoti, na kaseti nyekundu ilikuwa inapiga.

Mama alimwuliza kuhusu safari. Akajibu safari ilikuwa ndefu. Akamwuliza kama atakunywa chai, akasema ndiyo, na chai ikaja, akaishika tu. Papa akaingia kwenye wimbo kwa ile sauti iliyobaki, na nikamwona Tonton Déo anaifahamu. Uso ulimkunjika, chai ikamwagika mkononi, ya moto, na hakutikisika.

Akaweka kikombe chini. "Fiston. Njoo hapa, mutoto yangu." Fiston akasogea. "Weye njo mukubwa wa hii nyumba sasa. Zima radio."

Nilisimama mbele ya redio. Nilifungua mikono yote miwili. "Usizime! Fiston, usizime!" Maman Cécile akanishika kwapani akanivuta, nami nikampiga mateke, na wakati wote huo Fiston alikuwa anamwangalia Mama. Alimsubiri. Kama Mama angetikisa kichwa tu, naamini mpaka leo redio ile ingekuwa inapiga. Mama alikuwa anaangalia dirisha. Fiston akanyoosha mkono, akabonyeza.

Ule mlio mdogo, tak. Halafu Tonton Déo akasema. Ilikuwa njia ya Bunyakiri, wakikimbia. Mama yake Papa alifariki kwanza. Papa akashikwa na kuhara, na dawa haikuwepo, na maji hayakuwepo. "Niliona na macho yangu, Maman Fiston. Miye njo nilimufunga macho. Tulimuzika kando ya barabara, na mvua ilikuwa inanyesha."

Nilingoja ule ukelele wa Jette. Haukuja. Mama alisimama, akaenda kwa Fiston aliyekuwa bado na kidole juu ya kitufe, akampiga kifuani kwa viganja viwili. "Nani alikuambia uzime? Ni miye nilikuambia? Umeniulia bwana! Fiston, umeniulia bwana yangu!" Akampiga tena na tena, na Fiston alisimama tu, mikono chini, akipokea. Tonton Déo na Maman Cécile walimshika Mama, wakamkalisha chini, ndipo akaanza kulia.

Watu wazima mle ndani walijua ni uchungu unaosema. Mimi nilijua kwamba Mama amesema ukweli, maana nilikuwa nimeuona kwa macho yangu, Jette na hapa. Fiston alikuwa katikati yetu, si mtu mzima na si mtoto. Sijui aliyaamini maneno yale kiasi gani. Sikuwahi kumwuliza, na yeye hakuwahi kuyataja.

Meza ilisogezwa ukutani. Watu walikaa sakafuni siku nyingi, wakaimba tenzi, wakapika kwenye sufuria za kuazima. Walipokuja kuanua matanga, Mama alivaa kitenge kipya, akina mama wakaleta soda na kuku, na Maman Cécile akaiweka redio katikati ya meza. Akamwita Fiston kwa upole, maana alikuwa mama mwema licha ya ukali wake. "Haya, mutoto yangu. Mukono ile ilizima njo itawasha. Weka yenye unapenda."

Fiston alikuja mpaka mezani. Aliiangalia redio. "Miye siwashi," akasema.

"Fiston, tunaondoa matanga. Hatuwezi kuondoa kama hauwashi."

"Siwashi, Maman Cécile. Munisamehe."

Wakamtazama Mama. Hapo ndipo mahali pake pa kusema, neno moja tu. Mama alikuwa anakunja ncha ya kitenge chake, anaikunjua, anaikunja. Watu wakala kuku kimya kimya, wakaenda kwao. Ndivyo ilivyokuwa kwamba kwetu matanga hayakuanuliwa. Jioni ileile Fiston alishuka ngazi na lile boksi la viatu, nyekundu, kijani, bluu, pamoja na ile ya bluu aliyomwandalia Papa, akaliweka kwenye takataka za jengo. Ilibaki moja tu, ile ya sauti ya Papa mle kwenye redio, Mama akaitoa akaiweka. Redio ikafungwa ndani ya kitenge kikuukuu, ikapandishwa juu ya kabati. Fiston aliacha shule mwaka ule, akaanza kufanya kazi. Alitulipia nyumba, alinisomesha, alimpeleka Mama hospitalini kila alipougua. Alikuwa mwana mwema mno, na alikuwa kimya, na sisi tulikizoea kimya chake tukakiita tabia.

Kwa hiyo jeneza lake liliingia bila muziki na likatoka bila muziki, na kijana wa kampuni alitazama viatu vyake. Siku ya kuanua matanga ya Fiston tulikuwa nyumbani kwa Mama, Laeken ileile. Maman Cécile alikuja na mkongojo. Mama alisema: "Faida, panda ku kabati." Nilidhani ameanza kuchanganyikiwa. Nilipanda, nikakuta kitenge hakina vumbi. Alikuwa ameshaipeleka redio kwa fundi wa mtaani kubadilishiwa mkanda wa mpira unaozungusha kaseti, bila kuniambia. Kaseti nyekundu ilikuwa ndani.

"Nani atawasha?" akauliza Maman Cécile. "Mwenye alizima tumemuzika."

"Mwenye alizima ni miye," Mama akasema. "Nilimuona ananiangalia. Nilimuachia. Yeye alibonyeza tu." Alikuwa amekaa na maneno hayo muda wote ule, na aliyestahili kuyasikia alikuwa kaburini. Nilimkasirikia nikashindwa hata kumshika bega. Alinyoosha kidole chake kilichopinda, akabonyeza.

Utepe ulivuta pumzi. Yule dada alikuja kutoka chini ya mvua ya mikwaruzo, huwezi kujua tena kama analia au anaimba. Mama aliinama, sikio karibu na wavu, na mimi nikainama upande wa pili, tukingoja mlango ufunguke. Haukufunguka. Papa hakuwepo. Bonsoir, baridi, dirisha, vyote vimefutika, kama Fiston alivyosema. Palikuwa na upepo tu.

Halafu sauti nyingine, ya mtu aliyekaa karibu kabisa na kile kitundu, kijana ambaye sauti yake ndiyo kwanza inavunjika, ana haraka, ana furaha, ana hasira ya kuharibiwa wimbo wake. Ilitoka nzima. Tuliisikiliza kaseti ile miezi na miezi, mtu huyu akiwemo mle ndani muda wote, nasi tukimwona anatukatia maneno.

"Ni Fiston," Mama akasema. "Mungu yangu. Ni Fiston."

"Chut!" akasema Fiston. "Niko naenregistrer! Munyamaze!"

Tukanyamaza.